Oili ya giaboksi otomatiki kwenye pikapu yenye kilomita 310,000: nibadilishe au nisiiguse?

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda. Nina Ford F-150 ya mwaka 2000, giaboksi ni 4R70W, otomatiki ya gia nne. Nimeichukua mkononi mwa mtu ikiwa na kilomita 310,000 na ushee kwenye dashibodi. Karatasi za matengenezo hazipo. Nilipomuuliza aliyeniuzia oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, alinitazama kama nimemuuliza siku aliyoota jino la kwanza.

Gari linatembea vizuri. Gia zinaingia bila kubamiza, rivasi inashika papo hapo, mlimani halisumbui. Kinachonipa wasiwasi ni oili yenyewe. Nimechomoa stiki ya kupimia oili nikakuta wekundu umekwisha, imebaki kahawia iliyokolea, ila haina harufu ya kuungua.

Nimeuliza watu watatu nikapata majibu manne. Wa kwanza kasema nisiguse kabisa, nikibadilisha giaboksi inakufa ndani ya mwezi. Wa pili kasema nipeleke kwenye mashine inayosukuma oili yote itoke kwa presha. Wa tatu kasema nimwage kidogo niongeze kidogo, halafu akabadili mawazo tukiwa bado tunaongea. Kugusa naogopa, kuacha naogopa. Nisaidieni.

Dereva wa Trela

Mkuu usiguse. Mimi yalinikuta. Gari langu lilikuwa na kilomita zinazokaribia hizo, nikabadilisha oili na filta, siku ya tisa gia ya tatu ikapotea, wiki ya pili rivasi nayo ikaaga. Oili chafu ndiyo inayoishikilia giaboksi nzee. Ukiweka mpya inaosha kila kitu.

Mzee wa Gereji

Dereva, pole kwa hasara. Swali moja tu: ulibadilisha kwa sababu gani?

Dereva wa Trela

Lilikuwa limeanza kuteleza. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari liko palepale, kisha linashika kwa kishindo. Nikasema huenda ni oili.

Mzee wa Gereji

Basi ulimpeleka hospitali mgonjwa akiwa mahututi, akafia kitandani, ukamlaumu daktari. Sikucheki, nimeona hadithi hii mara nyingi mno na karibu kila mara inaanza hivyo hivyo. Mtu anakaa na oili miaka na miaka, hakumbuki kama gari lina giaboksi. Siku linaanza kuteleza ndipo anakumbuka. Anabadilisha, giaboksi inakufa, na oili mpya inabeba lawama.

Mleta uzi, ngoja nikueleze kinachoendelea mle ndani ili uamue mwenyewe.

Ndani ya giaboksi otomatiki kuna mafungu ya sahani za klachi. Sahani moja ni chuma kitupu, inayofuata imegandishwa utando wa msuguano unaofanana na karatasi ngumu. Presha ya oili ndiyo inayozibana sahani hizo pamoja na kuifanya gia ishike. Oili hiyo hiyo inalainisha beringi, inabeba joto kulipeleka kwenye kipozeo, na ndani ya toki konveta (kiunganishi kati ya injini na giaboksi) ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuirusha upande wa pili. Kazi nne kwa kimiminika kimoja, tena kwenye moto.

Sahani zinavyolika, unga wake unaingia kwenye oili. Hapo ndipo ile hadithi ya "oili chafu inaishikilia" inapopata ukweli wake mdogo: kwenye giaboksi ambayo utando umekwisha, ule unga unaweza kuongeza msuguano kidogo, na ukiutoa, kuteleza kunaonekana wazi zaidi. Lakini mkuu, hebu fikiri. Giaboksi inayotegemea uchafu wake ili itembee imebakiza nini? Oili mpya haioteshi utando mpya, na haiutoi uliopo kama uko mzima.

Kwa hiyo kabla hujasema nibadilishe au nisibadilishe, jibu kwanza: giaboksi yako ina dalili? Umesema haina. Gari lisilo na dalili, oili imechoka ila haijaungua: badilisha. Gari linaloteleza au linalochelewa kushika gia sekunde mbili tatu: oili haitalitibu, weka akiba ya kufungua giaboksi.

Spana Kumi

Naongezea kwa Mzee. Ukichomoa stiki usiangalie rangi peke yake. Oili nyingine hukolea mapema tu kwa joto la kawaida na bado zinafanya kazi. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe uache dakika chache. Likisambaa na kuacha duara lenye wekundu au hudhurungi nyepesi, siyo mbaya. Likibaki doa jeusi katikati lisilosogea, hiyo imejaa masizi. Halafu nusa. Harufu ya kuungua haifichiki, ukiisikia mara moja hutaisahau.

Na ukiona rangi ya waridi yenye povu kama maziwa, simama hapo hapo, gari lisiwashwe tena. Hayo ni maji ya rejeta yameingia. Kwenye magari mengi kipozeo cha oili ya giaboksi kiko ndani ya rejeta, kikitoboka vimiminika viwili vinakutana. Dawa ya rejeta inashambulia gundi iliyoshika ule utando wa sahani. Hapo kubadilisha oili kabla ya kuziba tundu ni kumwaga oili nzuri bure.

Mleta uzi

Asanteni. Yangu haina waridi wala povu. Nimefanya ile ya karatasi: duara la hudhurungi, katikati pamekolea kidogo. Sasa je, mashine ya presha ni nzuri au mbaya?

Mzee wa Gereji

Inategemea mashine na inategemea giaboksi. Kuna mashine zinazounganishwa kwenye bomba la kipozeo na kuacha pampu ya giaboksi yenyewe ndiyo isukume, hizo hazina ubabe. Kuna nyingine zinasukuma kwa nguvu zake, wakati mwingine kinyume na mwelekeo wa kawaida. Hizo kwenye giaboksi yenye kilomita laki tatu mimi sizitaki. Uchafu uliokaa kimya miaka yote kwenye pembe unang'oka na kwenda kukwama kwenye vali bodi, yaani sehemu yenye vali zinazoelekeza oili kwenye kila gia, mle kwenye njia nyembamba za solenoidi (vali za umeme). Tena ukifanya kwa mashine bila kufungua sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), filta inabaki ile ile ya zamani, na hujaona kilichomo chini.

Na kuona ndiko ninakokutaka zaidi. Sampu ikishuka utapata habari za giaboksi ambazo stiki haiwezi kukupa. Kuna sumaku mle. Ukikuta imefunikwa tope la kijivu, laini kama grisi, hilo ni chuma kilicholika polepole kwa miaka, usihangaike nalo, safisha urudishe. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, au chenga za rangi ya shaba, au vipande vyeusi vya utando wa klachi vimetanda chini, rudisha sampu, weka oili, na anza kuulizia giaboksi nyingine.

Mgeni Jukwaani

Samahani kuingilia. Nasikia ukishusha sampu haitoki oili yote. Sasa faida yake nini kuchanganya mpya na ya zamani?

Mzee wa Gereji

Swali zuri. Kwenye giaboksi nyingi, ukishusha sampu inatoka karibu nusu au pungufu. Iliyobaki imo kwenye toki konveta, kipozeo na mabomba yake. Chukua giaboksi inayobeba lita 11, sampu inatoa 5. Ukibadilisha mara moja, mpya ni asilimia 45. Endesha wiki mbili tatu, rudia, mpya inafika 70. Mara ya tatu, 84. Baada ya hapo unapoteza oili, faida inakuwa ndogo. Kwa gari lililosahaulika mimi naona mara tatu ni sawa, na filta inatosha kubadilishwa mara ya kwanza. Hizo nyingine, kama sampu ina nati ya kumwagia, unamwaga tu na kujaza.

Ila mleta uzi ana bahati. 4R70W nyingi za miaka ile toki konveta yake ina nati ya kumwagia. Chini ya nyumba yake kuna kifuniko kidogo, unakitoa, unazungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele hadi nati itokeze kwenye tundu. Zungusha kwa mwelekeo injini inaokwenda. Ukimwaga sampu na konveta pamoja, unatoa sehemu kubwa ya zile lita 13 kwa siku moja.

Spana Kumi

Kama nati haipo kuna njia ya bomba la kipozeo. Baada ya kushusha sampu, kuweka filta na kujaza, unafungua bomba linalorudisha oili kwenye giaboksi, unaweka mpira unaoelekea kwenye ndoo yenye alama za lita. Mtu anawasha injini, wewe unatazama ndoo. Ikifika lita mbili, ZIMA. Jaza lita mbili. Rudia hadi inayotoka iwe nyekundu. Sharti ni moja: pampu isinyonye hewa. Kama huna mtu anayesikia neno "zima" mara ya kwanza, achana na njia hii.

Mleta uzi

Na oili ipi? Kuna mtu ananiambia ATF (oili za giaboksi otomatiki) zote ni nyekundu, zote sawa.

Spana Kumi

Rangi nyekundu ni ya kutambulisha tu, ili ukiona tone chini ya gari ujue limetoka wapi. Kilichomo ndani kinatofautiana, hasa uzito na dawa zinazoamua klachi ishike kwa ulaini au kwa ukali.

Yako inataka Mercon V. Sisitiza hiyo V. Kuna Mercon LV, ni nyepesi zaidi, imetengenezwa kwa giaboksi za baadaye, wala si mbadala wa V. Watu wanaona neno Mercon wanabeba kopo. Kwa wenye Chevrolet na GMC za zamani zilizoandikwa Dexron III, Dexron VI inaruhusiwa kuchukua nafasi yake, hapo GM wenyewe waliitengeneza iwe hivyo. Dodge na Jeep nyingi wanataka ATF+4. Toyota wana T-IV na WS, na hizo mbili hazichanganywi. Za CVT, zile otomatiki zisizo na gia za hatua, ni ukoo mwingine kabisa, ukiiweka kwenye giaboksi ya kawaida, au kinyume chake, utalia.

Kitabu cha gari kinasema, na mara nyingi stiki yenyewe imechongwa jina la oili. Mimi oili ya "magari yote" siiweki hata kwenye jeki.

Mwenye Hilux

Wakuu mbona mimi stiki siioni kabisa? Nimetafuta hadi nimechoka.

Mzee wa Gereji

Hujakosea, haipo. Toyota nyingi zenye oili ya WS zimefungwa. Kuna nati ya kujazia ubavuni na nati ya kipimo chini ya sampu. Gari likae sawa bila kuinama, injini inaunguruma, oili iwe vuguvugu, kiasi cha nyuzi 35 hadi 45 hivi kadiri kitabu chako kinavyosema. Unafungua nati ya kipimo. Ikichuruzika na kubaki matone, kipimo kimetimia. Isipotoka kitu, ongeza kwa pampu ya mkono. Ukifanya oili ikiwa ya moto sana imeshavimba, itamwagika nyingi, na ikipoa utakuwa umepungukiwa. Huo mchezo wa joto ndio unaowaponza wengi. Na kwa usalama, fungua kwanza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga yote halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, gari limelala hapo hapo.

Spana Kumi

Mimi nimwage aibu yangu hapa labda itamsaidia mtu. Filta za aina hii zinachomekwa tu kwa shingo yenye sili. Ukivuta filta ya zamani, mara nyingine sili inabaki juu kwenye tundu. Mwaka niliokuwa naanza, nilivuta, filta ikatoka, nikachomeka mpya na sili yake mpya, nikajisifu. Sili ya zamani ilikuwa bado juu. Ile mpya haikukaa vizuri, pampu ikawa inanyonya hewa. Asubuhi gari linalia kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa, gia inachelewa kuingia. Nilishusha sampu mara mbili nikilaumu oili kabla sijainua tochi na kutazama tundu.

Kwa hiyo: hesabu sili. Moja itoke, moja iingie. Kuitoa ile iliyoganda tumia bisibisi ndogo kwa upole, ukuta wa tundu ni alumini, ukiuchuna umejitengenezea njia ya hewa.

Mzee wa Gereji

Hapo umesema. Na mengine ya sampu, harakaharaka: gari likae kwenye stendi, tairi zikingwe, jeki peke yake usiiamini. Oili isiwe ya moto wa kuunguza. Legeza bolti upande mmoja kwanza ili sampu iiname na kumwagia kona moja, la sivyo utaoga. Gasketi ikiwa ya mpira wenye chuma ndani na haijakatika, inarudi. Usipake silikoni, vipande vyake huishia kwenye vali bodi. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Bolti za sampu ni ndogo, zinabanwa kwa mkono wenye adabu, kwa mtindo wa msalaba. Ukizikaza kama za tairi, sampu inapinda na utavujisha hadi ulie.

Na kubwa kuliko yote, pima kilichotoka. Mwaga kwenye vyombo vyenye alama, hesabu, rudisha kiasi hicho hicho kasoro lita moja, kisha malizia kwa stiki. Ya kwako inapimwa kwenye Park, injini ikiwa imewashwa na oili imepata moto, baada ya kupitisha gia zote taratibu mguu ukiwa kwenye breki. Dodge nyingi zinapimwa kwenye Neutral, wenye nazo wasinifuate mimi. Usizidishe. Oili ikizidi inapigwa na gia zinazozunguka, inatoa povu, na povu halina presha. Nyingine inatokea kwenye tundu la kupumulia na kudondokea bomba la moshi lenye moto. Hilo si la kujaribu.

Dereva wa Trela

Nimewasoma wote. Mzee, nakubali langu lilikuwa limeshaoza. Sasa nina lingine, giaboksi ni Allison 1000, ile yenye filta ya nje ya kuzungusha kama ya injini. Navuta mzigo karibu kila siku. Nifuate kilomita za kitabu?

Mzee wa Gereji

Fuata mstari wa kazi ngumu, siyo ule wa kawaida. Vitabu vingi vina mistari miwili na watu husoma ule unaowafurahisha. Anayeiua oili ni joto. Kwenye barabara tambarare inakaa nyuzi 80 na kitu, ikivuta trela mlimani taratibu, konveta haijajifunga, yaani bado inateleza kwenye oili, joto linapanda vibaya sana. Sisi mafundi tunahesabu kwamba kila nyuzi kumi juu ya kawaida zinakata umri wa oili karibu nusu. Weka geji ya joto, na kama kipozeo cha nje hakipo, kiweke kabla ya kufikiria oili ya bei kubwa. Mlimani shusha gia mwenyewe, usiiache ihangaike kubadili gia juu chini.

Hiyo filta ya nje ni raha, unaibadilisha bila kushusha sampu, na ina sumaku yake. Ichunguze kila mara.

Mleta uzi

MREJESHO. Wakuu, nimefanya Jumamosi. Konveta ilikuwa na nati kama Mzee alivyosema, ila kuizungusha injini hadi itokeze kumenichukua muda mrefu kuliko kazi yote. Imetoka lita 11 kasoro. Sili ya filta ilibaki juu, Spana Kumi nakudai soda, maana ningeichomekea nyingine juu yake kabisa. Sumaku ilikuwa na tope la kijivu, nene, laini. Vipande hakuna. Sijaona shaba.

Ila kuna kitu kimenitisha. Chini ya sampu nimekuta kidude cha plastiki cha njano, kama kizibo, kimelala kwenye oili. Nimekiweka mezani nakitazama. Kimetoka wapi? Kuna kitu kimevunjika ndani?

Mzee wa Gereji

Hahaha! Pumua mkuu, hakijavunjika kitu. Hicho ni kizibo cha kiwandani. Giaboksi inasafirishwa kutoka ilikotengenezwa ikiwa na kizibo kwenye tundu la bomba la stiki ili isiingie taka. Wanapofunga bomba kwenye gari wanakisukuma tu ndani, kinaangukia kwenye sampu, na kinakaa humo hadi siku mtu wa kwanza ashushe sampu.

Mleta uzi

Mtu wa kwanza?

Mzee wa Gereji

Ndiyo. Ni wewe.

Dereva wa Trela

Kilomita 310,000 na oili ya kiwandani. Mleta uzi usikitupe hicho kizibo.

Mleta uzi

Nimekifunga kwenye ufunguo. Leo ni kilomita 1,900 tangu kubadilisha, gia zinaingia kama zamani, labda laini kidogo kutoka ya pili kwenda ya tatu, au ni moyo wangu tu. Nimepima tena kwenye Park ikiwa moto: iko katikati ya alama, nyekundu ya kuonekana. Oili ya zamani nimeijaza kwenye madumu, naipeleka panapokusanywa oili chakavu. Mgeni Jukwaani, ulikuwa unaulizia gari gani?